Papa Byamungu Si Mwizi wa Dhahabu

Papa Byamungu alipiga magoti ndani ya mto kabla mtu yeyote hajamwambia neno.

Polisi wawili walikuwa bado wanashuka mteremko, mmoja ameshika nyasi asiteleze, na mzee alishaachia karai lake likaondoka na maji. Aliweka mikono kisogoni, akafumba macho, akainamisha kichwa. Maji ya mwezi wa tano kule nyuma ya milima hayana huruma. Yalimfika mbavuni. Mimi nilikuwa juu kidogo, beleshi mkononi, nikamwita, Papa, inuka, hawa si wale. Hakunisikia. Kwa mawazo alikuwa ameshafika Kamituga, kwetu Kongo.

Polisi kijana alisimama, akamtazama mwenzake. Nadhani maishani mwake hajawahi kuona mtu anajikamata mwenyewe. Akamwambia mzee ainuke, kwa sauti ya chini kabisa, kama unavyosema na ng'ombe aliyetishika. Mama mwenye shamba, ambaye ndiye aliyewapigia simu, alisimama ukingoni mkono mdomoni. Na Désiré, prezidenti wa jumuiya yetu, alikuwa kwenye jiwe kavu na viatu vyake vyeupe, simu mkononi, anawaeleza polisi kwa Kiingereza kilichopigwa pasi kwamba yeye hajui lolote, alikuja kupiga picha tu, hakujua hawa watu wamepata wapi ruhusa. Kisha akaninyooshea kidole. "Muulizeni huyu mama," akasema. "Dhahabu ni kazi yake."

Ndiyo, ni kazi yangu. Na nyinyi vijana mnaonisimamisha pale stesheni ya St Marys, hapa Sydney, mnaniuliza mama, ile dhahabu iko wapi, tupeleke na sisi, leo nitawaambia yote ninayoyajua. Lakini mtachukua na habari hiyo ya mtoni pia. Sigawi nusu.

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, halafu shule ikaisha, nikaingia kutwanga. Kamituga wanaume huingia shimoni, wanawake hubaki juu wanatwanga mawe kwa mchi wa chuma mpaka yawe unga, kisha unga unaoshwa kwenye karai. Aliyenifundisha ni Mama Nabintu, mwanamke mfupi, mabega kama ya dume, anatwanga huku anasengenya wanaume wa kijiji kizima na hakosi pigo hata moja. Alikuwa akinipiga vidole nikiosha haraka. Alisema dhahabu ni kama mkwe mwenye heshima, nzito, inakaa chini, haisemi. Kinachopiga kelele juu ya karai ni mchanga. Basi mwache mchanga aseme, aondoke, wewe mngojee mkwe.

Hilo lishikeni. Mpaka leo, kwenye mito ya huku, sijaona somo linalolipita.

Lakini kuna somo jingine la Kamituga ambalo lilituponza, nalo ni la ruhusa. Kwetu huingii mlimani hivihivi. Unakwenda kwa mzee wa mahali, unampelekea kitu, pombe au jogoo, unasema shida yako. Akisema ingieni, mmeingia. Hakuna karatasi. Neno lake ndilo ukuta. Na aliyekwenda kuomba, akirudi akawaambia wenzake "tumepewa," hakuna wa kumuuliza umepewa na nani, ulisemaje, alijibuje. Kumuuliza mara ya pili ni kumwita mwongo mbele ya watu. Hivyo ndivyo tulivyolelewa.

Na askari. Sitasema mengi. Walikuja siku moja kwenye shimo alilokuwa akifanya kazi Papa Byamungu. Waliopiga magoti haraka, mikono kisogoni, walipona. Waliouliza kosa letu ni nini hawakupanda tena kutoka pale. Byamungu alikuwa wa kwanza kupiga magoti. Mtoto wake mkubwa aliuliza.

Sasa mmeelewa mtoni ilikuwa nini.

Huku Sydney mimi sikuja kuchimba. Nilitoka kambi ya wakimbizi Tanzania na mwanangu Furaha, tukapewa nyumba St Marys, nikapata kazi Penrith kwenye nyumba ya wazee. Kuinua wazungu wakubwa, kuwaogesha, kuwageuza kitandani. Kazi nzuri, ila mgongo uliotwanga mawe hauna akiba. Ulikatika mwaka uleule korona ilipoingia, nikaambiwa basi, mama, kapumzike. Kustaafu kwangu hakukuwa na keki.

Lakini kabla sijaondoka, nilimpata Merv. Mkewe alikuwa mmoja wa wagonjwa wangu. Wakati ule ndugu walikatazwa kuingia, kwa hiyo kila mchana Merv alisimama nje ya dirisha, kwenye maua, anaongea na kioo. Mimi ndani namwinua mkono mkewe ili ampungie. Siku moja mkewe amelala, hataki kuamka, Merv akabaki pale nje hana la kufanya. Nikamfungulia dirisha kidogo, nikamuuliza yeye alikuwa anafanya kazi gani. Akasema fundi bomba, lakini Jumapili anatafuta dhahabu. Nilicheka mpaka barakoa ikashuka. Nikamwambia, mimi kutwanga, na nikamwonyesha kwa mikono.

Kesho yake alikuja na karai lake. La plastiki, kijani, kama la kuogeshea mtoto. Tukakutana kwenye maegesho ya magari, kila mtu upande wake kama sheria ilivyotaka. Ameweka mchanga na maji ndani, na risasi ndogondogo za kuvulia samaki badala ya dhahabu. Akasema haya, mama, onyesha. Nikaosha kama Mama Nabintu. Kwa madaha. Nikamrudishia karai, na ndani hakuna kitu, risasi zote zimemwagika kwenye lami. Kumbe makarai yao yana ngazi upande mmoja za kushika kilicho kizito, na mimi nilimwagia upande usio na ngazi. Merv alicheka akakohoa, na watu wote kwenye maegesho wakarudi nyuma. Siku zile ukikohoa ni kama umetoa kisu.

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi ya huku. Na kazi ya huku, wanangu, wala si kuosha. Kuosha utajifunza kwa wiki moja. Kazi ni kujua pa kuingia.

Sikilizeni. Huku mtu wa kawaida, anayetafuta kwa kujifurahisha, anaruhusiwa, lakini kwa vyombo vya mkono tu. Sululu, beleshi, chekecheke, karai. Usilete mashine ya kusukuma maji, usilete mota ya aina yoyote. Zebaki sahau kabisa, ile sumu iliyotutetemesha mikono sisi. Mbuga za taifa usiguse, hata kama mto unang'aa unakuita jina. Misitu ya serikali mingine unaingia kwa kibali, unakiomba kwanza. Kuna sehemu zimetengwa kwa ajili ya watu kama sisi, hasa huko kwenye miji ya dhahabu ya zamani, ng'ambo ya milima, na hizo ndizo za kuanzia. Halafu kuna shamba la mtu. Hapo ndipo wengi hupotea, maana mto unaonekana wa Mungu, lakini ukingo una mwenyewe. Na hata mwenyewe akikubali, kunaweza kuwa na kampuni iliyopewa haki ya madini chini ya miguu yake, kwa hiyo unaangalia na ramani ya serikali. Ukichimba shimo, unalifukia. Ukifungua geti, unalifunga. Ukikuta limefunguliwa, liache hivyohivyo, mkulima ana sababu zake.

Ramani alinifungulia Furaha kwenye simu. Mimi naonyesha mto kwa kidole, hapa pazuri, maji yanapinda, dhahabu hupenda kupumzika kwenye kona ya ndani. Yeye anajibu Kiingereza chake bila kuinua macho: "Mum, that's a national park. Again." Nilizichukia hizo mbuga. Nikawa naota miti ya kijani kwenye ramani inaninyima.

Kupiga simu kwa wakulima ndiko kulikonizeesha. Nilijifunza sentensi tatu kwa moyo, kama katekisimu. Wa kwanza alidhani namuuzia bima, akakata. Wa pili alinisikiliza vizuri mpaka mwisho, akasema sawa, kisha akaniuliza naitwa nani na ninatafuta nani, nikajua hakuelewa hata neno moja. Wa tatu mbwa wake alibweka zaidi ya yeye kuongea. Merv akanipa siri: piga siku ya mvua, mkulima yuko ndani na hana haraka. Na swali la kwanza kabisa, kabla ya salamu kukomaa, ni hili: wewe ndiye mwenye ardhi? Maana huku, aliyesimama shambani anaweza kuwa mpangaji, jirani, mfanyakazi, au mtu aliyekuja kutafuta ng'ombe wake. Mwenye mali anaweza kuwa amekaa ghorofani Sydney hajaukanyaga ule udongo miaka mingi. Umri hauhusiki. Mvi hazihusiki.

Basi nikapata sehemu moja iliyotengwa, halali kabisa, nikaanza kupeleka watu. Lokdauni ya kwanza ilikuwa imelegea, watu wameshachoka kuta. Mara ya kwanza walikuja kina mama wa Burundi wanne kwenye gari moja, na sufuria ya maharage kubwa kuliko vyombo vya kazi. Walikaa mtoni kutwa nzima, wameimba, wamekula, wametupa taabu zote za mwaka ule kwenye maji. Jioni tukakusanya dhahabu yetu yote pamoja. Ungeweza kumtengenezea sisimizi pete, na ingembana.

Hiyo ndiyo dhahabu ya huku, nisiwadanganye. Ukitaka kutajirika, nenda kapange maboksi ghalani kama wenzako. Watu hawakuja kwa ajili ya hiyo.

Papa Byamungu alikuja safari ya pili. Anakaa nyuma ya nyumba yangu, tunatenganishwa na uzio wa mbao. Tangu afike nchi hii alikuwa mtu wa kuitikia tu. Shikamoo, marahaba, basi. Siku ile aliingia majini bila kuvua viatu. Akaosha, akaosha, mpaka nikaogopa baridi itamuua. Mwishowe akakaa kwenye jiwe, akaangalia juu ya ukingo, pale palipokuwa na miti mitupu na kondoo wawili.

Akasema, "Mama Furaha, hapa mtu anachimba na juu hakuna anayemngoja na bunduki."

Akacheka. Nilikuwa sijawahi kuyaona meno yake. Kuanzia siku hiyo alikuwa anaamka Jumamosi kabla ya jogoo, kama huku kungekuwa na jogoo, anagonga uzio wangu kwa mpini wa beleshi. Ndiye aliyenibebea vitu, kwa sababu ya mgongo wangu. Ndiye aliyewafundisha wageni kufukia mashimo. Akaanza kuongea habari za kuwa raia, kwenda kuapa, kuvaa suti. Aliniuliza mimi kama kaunda suti bado zinashonwa.

Hicho ndicho Désiré alichokivunja.

Sasa kuhusu Désiré nitasema haki. Anakaa Lidcombe, ana shule kichwani, na watu wengi amewasaidia kujaza fomu zao na kuongea na daktari. Tulimchagua wenyewe kuwa prezidenti wa jumuiya na tulipiga makofi. Lakini zile safari za Jumamosi zilimuuma. Watu walikuwa wakiziita safari za Mama Furaha. Akaja nyumbani siku moja, hataki hata kukaa, akasema ametupatia mto wetu, si wa kugombania na wazungu, Jumamosi twende watu wachache tukaupime, yeye atapiga picha za kuonyesha jumuiya.

Tulikwenda watatu kwenye gari lake. Mimi mbele, Papa Byamungu nyuma na vyombo. Tulipovuka milima nikamuuliza ruhusa ilipatikanaje. Akasema kwa fahari kwamba alikwenda mwenyewe wiki iliyopita, akamkuta mzee mmoja mzungu anafunga seng'enge kando ya geti, akamwamkia, akampa kreti ya bia, wakaongea vizuri, na mzee akasema ingieni.

Nikamuuliza, huyo mzee ndiye mwenye ardhi?

"Mama Furaha," akasema, "mimi nimetoka mjini Bukavu, sikutoka porini. Nimeongea na mzee wa pale. Tumeruhusiwa. Sasa unataka nirudi nikamwombe kitambulisho?"

Na Papa Byamungu, kutoka kiti cha nyuma, akanigusa bega. "Mama, mwache," akasema. "Prezidenti akishasema imesemwa."

Nikanyamaza. Ndiyo adabu yetu. Nyinyi vijana mna adabu mnayoipunguza kila siku bila kuulizwa, basi na hii pia iacheni, iacheni kwenye geti la shamba la mtu. Muulize mkubwa wako mara mbili. Muulize mara ya tatu. Akikasirika, akasirikie mbele ya geti, si mbele ya polisi.

Yule mzee alikuwa jirani. Ng'ombe zake zilikuwa zimepita, anaziba seng'enge. Alipewa bia na mtu asiyemjua, akaombwa kuingia mtoni, akasema ingieni. Wewe ungesemaje?

Kwa hiyo sikilizeni vizuri, maana huwa wananigeuzia maneno. Kosa la Désiré la kwanza mimi nililisamehe palepale. Ni kosa letu sote, ni kosa la watu wanaojua kwamba mwenye mvi kando ya maji ndiye wa kuombwa. Angesema pale mtoni, bwana polisi, niliongea na mzee wa seng'enge, nilidhani ndiye, tungerudi nyumbani tunacheka. Polisi wenyewe hawakutaka makuu. Walituonya, wakaandika majina, wakatuambia kwaherini. Hakuna faini, hakuna mahakama. Mama mwenye shamba alipanda mbio kwenye gari lake akaleta blanketi, akamfunika mzee yeye mwenyewe.

Lakini Désiré alisema hajui. Alisimama pakavu akatutazama tuliomo majini, akasema hajui.

Njia nzima ya kurudi Papa Byamungu alitetemeka chini ya blanketi la yule mama. Désiré aliwasha joto la gari, akafungua redio. Alipotushusha St Marys alisema neno moja tu, kwamba hili jambo tusilizungumze, litachafua jumuiya. Nikakubali. Nilidhani tunanyamaza sote watatu.

Wiki chache baadaye Sydney ilifungwa tena, na safari hii upande wetu wa magharibi tulifungwa kuliko wengine. Usiende mbali, usitoke jioni, kanisa kwenye simu. Jumapili ya kwanza kabisa, watu wote wamo kwenye vile vidirisha vya simu, kina bibi wanaonyesha mapua tu, mchungaji wetu Elikana akampa prezidenti nafasi ya matangazo. Désiré akatangaza chanjo, akatangaza chakula cha msaada. Halafu akashusha sauti. Akasema kuna watu wawili kati yetu wameshikwa na polisi wakiiba madini kwenye shamba la mzungu, wanatuharibia jina katika nchi iliyotupokea. Akatutaja. Mama Furaha. Papa Byamungu. Watubu.

Kuna mtu, sijui nani, alikuwa amepeleka habari za polisi kwa watu. Zilikuwa zimeanza kuzunguka. Désiré akawahi kututupia sisi kabla hazijamfikia.

Nilipiga kelele kwenye ile simu. Nilisema ni uongo, nilisema seng'enge, nilisema bia. Furaha akaja kutoka chumbani. "Mum," akasema, "they can't hear you. You're on mute."

Nikamwambia anifungulie sauti. Akajaribu. Akasema haiwezekani, aliyenifunga ni mwenye mkutano. Nikatoka, nikaingia upya. Nikafungwa upya. Mchungaji Elikana alinitazama, ninaapa alinitazama, mimi nafungua mdomo kama samaki, akasema tuombe.

Kwenye kidirisha kingine Papa Byamungu alikuwa ametulia kabisa. Kisha akaondoka kwenye kiti, na kiti kikabaki kinatazama ibada mpaka mwisho.

Mnakumbuka kwamba majira yale wanajeshi waliletwa kwenye mitaa yetu. Nyinyi labda mlipiga nao picha. Walitembea na polisi, wanagonga milango, kuangalia walioambiwa wakae ndani kama wamo, kuuliza watu kama wana chakula. Serikali iliona ni msaada. Hakuna aliyeuliza ni nani wanaokaa kwenye hizo nyumba na walikimbia nini.

Niliwaona wakiingia kwenye njia ya Papa Byamungu mchana mmoja. Nikatoka mbio na mgongo wangu huu mpaka kwenye uzio, nikapanda kwenye ndoo. Walikuwa wamegonga. Mlango ukafunguka. Mzee alikuwa ameshapiga magoti kwenye kapeti la mlangoni, mikono kisogoni, kama mtoni. Askari mmoja alikuwa msichana, mdogo kama Furaha. Nilimwona akishtuka, halafu akapiga magoti na yeye, akaweka mfuko wa chakula chini, akaanza kuongea naye polepole. Mimi napayuka juu ya uzio, Papa, ni mchele, wameleta mchele.

Walipoondoka akaja mpaka kwenye mbao. Nilisikia pumzi yake upande wa pili.

"Mama Furaha," akasema, "wamekuja kwa ajili ya ile dhahabu?"

Nikamwambia hapana, Papa. Akaniuliza tena. Siku nyingi aliendelea kuniuliza.

Njia zilipofunguliwa, Merv alinipeleka ng'ambo ya milima. Nilikwenda kwa miguu mpaka mlango wa yule mama mwenye shamba, nikabisha, nikamuuliza swali la kwanza. Akacheka, akasema ndiyo, mama, hii ndiyo ardhi yangu. Nikamweleza yote. Akamwita jirani yake kwa simu, naye hakuficha: ndiyo, alikuja bwana mmoja viatu safi, akanipa kreti, nikamwambia aingie, nilidhani anataka kuvua samaki. Yule mama akasema kama tungembishia hodi yeye angekubali tangu siku ile. Akatupa ruhusa. Njooni mtakapo, fungeni geti, fukieni mashimo. Akaniuliza habari za mzee wa majini. Amekuwa akimuota, akasema.

Nilimletea Papa Byamungu habari hizo kama mtu anayebeba moto mkononi. Nilifikiri ataruka. Alisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru, akasema yule mama ni mtu mwema, Mungu amlipe.

Halafu akasema, "Lakini yeye hakuniita mwivi. Aliyeniita mwivi ni Désiré, na waliosikia ni watu wangu. Kwa hao ndiko jina langu liliko."

Tangu hapo hajagusa karai. Kanisani haendi. Barua ya uraia ilikuja, wamempangia siku, ameiacha siku ipite. Mwivi, anasema, haendi kuinua mkono kuapa mbele ya watu. Nimemwambia wewe si mwizi. Merv amemwambia, kwa Kiingereza, nimemtafsiria. Anaitikia tu. Amerudi kuwa yule wa shikamoo na marahaba.

Wapo wanaoniambia, Mama Furaha, korona imepita, watu wamekufa, wewe bado uko kwenye habari ya mto. Wengine wananiita mkorofi. Sawa. Nilitwanga mawe tangu mtoto, najua kupiga mahali pamoja mpaka pafunguke. Sitaacha kupeleka watu kwenye dhahabu, na sitaacha kusema. Wanaotaka kuja Jumamosi waje, ruhusa ninayo, nimeiomba kwa mdomo wangu kwa mtu mwenye ardhi yake. Lakini garini nitawasimulia haya, kwenda na kurudi.

Na wewe Désiré. Kanisa limefunguliwa, unasimama tena mbele kila Jumapili, umechaguliwa tena, umenona. Sitaki uniombe mimi radhi, mimi matusi yako hayakunipunguza kilo. Nataka usimame palepale unaposomea matangazo, useme kwa mdomo uleule: mimi ndiye niliyekwenda kwa mzee wa seng'enge, mimi ndiye niliyewaambia tumeruhusiwa, na polisi walipokuja nikawakana. Na wewe Mchungaji Elikana, siku hiyo maiki ni yako, iache wazi.

Papa Byamungu yuko nyumba ya nyuma, mlango wa kijani. Masikio yake bado mazima, na saa za ibada huizima redio yake, akisubiri habari kutoka kanisani. Désiré, mzee anangoja. Ulisema tumeruhusiwa au hukusema? Jibu angali anasikia.